Mteja anataka "tathmini ya mzunguko wa maisha" ya sabuni yetu ya mawese. Naanzia wapi?

Katibu wa Mwandiga

Mwakeye wana Kigoma, na wengine wote salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 11, tuko Mwandiga. Tunachemsha ngazi (matunda ya mchikichi), tunakamua mawese, mengine tunauza, mengine tunapikia sabuni ya miche. Huu mwaka wa sita. Sabuni yetu ina rangi ya chungwa iliyofifia, haina manukato, na kovu la kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, kwenye mkono wangu wa kushoto ni ushahidi kwamba kazi hii sikuisomea darasani.

Mwezi uliopita tumepata mteja wa Dar, ana duka linalouzia mahoteli. Sabuni kaipenda. Kaomba miche 400 kwa mwezi, sisi huku vigelegele. Siku ya pili akatuma barua pepe ambayo mpaka leo inaninyima usingizi: tumpelekee "tathmini ya mzunguko wa maisha" ya sabuni, tangu shambani mpaka inapoishia, ili aandike kwenye karatasi ya kufungia kwamba ni rafiki wa mazingira kuliko ya kiwandani.

Nikampigia mshauri mmoja niliyeelekezwa. Akataka milioni tisa. Haya, hilo tungecheka likapita. Lakini akaongeza kwamba hana haja ya kufika Kigoma, atatumia takwimu za sabuni ya mawese zilizomo kwenye kompyuta yake. Nikamuuliza, hayo mawese ya kwenye kompyuta yamechemshwa kwa kuni au kwa gesi? Akasema hilo ni suala la kiufundi. Nikakata simu.

Sasa naomba mniambie, kitu hiki kinafanywaje hasa? Mtu wa kidato cha nne mwenye mizani, daftari na simu anakiweza? Na msinifiche: mimi naona doa letu litakuwa kostiki, maana ndiyo pekee inayotoka kiwandani, pamoja na plastiki ya kufungia. Mengine yote ni ya Mungu: mchikichi, maji, kuni. Nimekosea?

Mizani Mbovu

Dada katibu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, kwa sasa nafundisha Morogoro. Kwenye hayo yote umekosea neno moja tu, ila ndilo zito. Kuni si za Mungu mpaka ujue zimekatwa wapi na pale zilipokatwa pameota nini. Nitarudi hapo.

Kanuni zenyewe ziko kwenye viwango viwili vya kimataifa, ISO 14040 na 14044, vyote vya mwaka 2006. Vimeandikwa kwa lugha ya kuchosha, lakini mama yeyote anayepiga hesabu ya mandazi anakijua kiini chake: umeingiza unga kiasi gani, mafuta kiasi gani, kuni kiasi gani, yametoka mangapi, yaliyoungua yamekwenda wapi. Tofauti ni kwamba muuza mandazi anaanzia dukani alikonunua unga. Hapa utarudi nyuma mpaka shambani na kwenda mbele mpaka maji ya povu yanapomwagwa.

Kabla hujapima chochote, jiulize sabuni yako inafanya kazi gani. Usihesabu kwa mche, maana mtu hanunui mche, ananunua nguo safi. Mche wenu ukifua mashati 50 na wa kiwandani ukafua 100, basi kulinganisha mche kwa mche ni kujidanganya. Chagua kazi, tuseme mashati 100 ya shule yaliyotakata, kisha uliza kila sabuni inakula nini kuifanya kazi hiyo. Watu wanarukia programu za kompyuta wakati hiki kipimo cha kazi hawajakiweka, na ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia.

Kisha mizani. Pima ngazi, maji, kostiki, plastiki, mafuta ya gari. Pima kuni! Na pima vinavyotoka: sabuni, mise (kokwa za ngazi), makapi, maji machafu. Mise usizisahau, maana kama mnaziuza, basi moto uliochemsha ngazi haukuwatumikia mawese peke yao, na mzigo wa zile kuni inabidi ugawanywe.

Kuhusu huyo mshauri, swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu lake. Nikupe mfano. Ulaya wamepima sana sabuni za kufulia, na mara nyingi sehemu kubwa ya madhara inaonekana nyumbani kwa mteja, kwenye umeme wa kupasha maji ya mashine. Chukua takwimu hizo uzilete Ujiji, utakuwa umemtoza mama wa watu umeme wa maji ambayo ameyachota ya baridi ziwani. Ila angalia na upande wa pili: mteja wako anauzia mahoteli. Sabuni ikienda bafuni kwenye maji ya moto, hesabu inageuka. Muulize itatumika wapi.

Kostiki isikutishe. Kilo moja ya mawese inakula takriban gramu 142 tu. Inatengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na papo hapo inatoka na klorini, ambayo kiwanda kinaiuza pia, kwa hiyo mzigo wa ule umeme unagawanywa kati ya hizo mbili. Kadiria kilo moja mpaka moja na nusu ya hewa ukaa kwa kila kilo ya kostiki, kutegemea umeme wao unatoka wapi.

Programu ipo ya bure, inaitwa openLCA. Lakini kwanza daftari.

Mtoto wa Kibirizi

Mama katibu shikamoo. Samahani, mimi naona mnachezewa.

Jambo hili lilianzia kwa wakubwa. Mwaka 1969 Coca-Cola walilipia utafiti wajue chombo kipi cha soda kinakula mali na nishati kidogo. Ilikuwa hesabu yao ya ndani, kwa faida yao. Leo hesabu ileile inaletwa Mwandiga, akina mama 11 wanaitumia kuomba ruhusa ya kuuza sabuni. Bibi yangu kapika gwanji, sabuni yetu ya kienyeji, maisha yake yote, hakuna aliyemdai karatasi. Na huyo wa Dar, zile sabuni nyingine za dukani kwake alizidai karatasi?

Lakini na mimi nina langu, na si la Ulaya. Yale maji meusi yanayobaki mkishaengua mafuta mnayamwaga wapi? Maana vijito vya huko vinashuka huku kwetu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka. Sisi tunaanika dagaa hapa. Hilo mlipime kabla ya hewa ukaa.

Mizani ya kuning'iniza ya dagaa mama yangu anayo. Mkihitaji semeni.

Katibu wa Mwandiga

Marahaba mwanangu. Mizani nimeichukua, na mama yako kanipa na samaki, Mungu ambariki.

Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu tulikuwa tunapima. Wenzangu walinicheka kweli. Bi Zainabu alikuwa anatundika mzigo wa kuni kwenye ndoano anaimba kama yuko mnadani. Lakini kufikia pipa la tatu hakuna aliyekuwa anacheka, nanyi mtaona kwa nini.

Pipa moja la ngazi limetupa wastani wa lita 16 za mawese, kama kilo 14 na nusu. Yametoka humo sabuni miche 20 ya kilo moja moja. Kostiki kilo mbili, Mizani hukukosea. Plastiki ya kufungia miche yote 20 haifiki gramu 80.

Kuni: kilo 39 kuchemshia ngazi, kilo 11 kukaushia mafuta, kilo 4 kwenye sabuni yenyewe. Jumla 54 kwa pipa! Miaka sita nanunua kuni kwa mzigo wa baiskeli, sijawahi kujua kwamba kila mche wa sabuni unabeba karibu kilo tatu za mti. Nililiangalia lile rundo lililobaki ukutani nikaona aibu kidogo. Tena kuni zenyewe zilikuwa zinatoka povu kwenye ncha zikiwaka, mnaelewa ni kuni za aina gani.

Nikamuuliza muuzaji anakata wapi. Akaniambia "huko juu". Nikamwambia huko juu wapi, akasema mama unataka kuni au unataka safari.

Kufua sasa. Tuliomba mashati ya sare kwa majirani, tukafua siku mbili, mtu mmoja, beseni moja, maji ya kipimo kimoja, mpaka mche uishe. Wa kiwandani umefua mashati 88. Wetu umefua 62. Imeniuma, lakini nimeandika.

Maji meusi: ndoo tatu na nusu kwa pipa. Tulikuwa tunamwaga mtaroni. Mtaro unaelekea kijitoni. Mwanangu wa Kibirizi, sina la kujitetea.

Mizani Mbovu

Dada, kuna wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu ambao hawajawahi kuniletea daftari kama hilo. Lile shati la 62 ndilo limenifanya niamini na hizo namba nyingine.

Nifanye hesabu ya pipa moja hapa wazi ili kila mtu aikosoe.

Kostiki kilo mbili: tuseme kilo mbili mpaka tatu za hewa ukaa. Plastiki haifiki hata robo kilo. Safari ya Dar, kama kilomita 1,250 kwa njia ya reli. Mkiipandisha lori badala ya treni, weka gramu 100 kwa kila tani kwa kilomita, miche 20 inapata kilo mbili na nusu hivi. Kwa treni ni chini ya hapo sana.

Sasa kuni. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua inatoa takriban kilo 1.75 za hewa ukaa. Zidisha kwa 54, unapata kama 94. Kama mti ulikatwa mahali panapochipua tena na kuachwa ukue, zile 94 zinahesabiwa kuwa zitarudi mtini, hazibebeshwi sabuni. Kama palikatwa pakawa shamba moja kwa moja, zinabebwa zote. Kwa hiyo lile jibu la "huko juu" ndilo lenye uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye daftari lako.

Na hata mti ukichipua, moto wa mafiga hauunguzi vizuri, unatoa na gesi ya methani. Kwa viwango vya IPCC (jopo la kimataifa la tabianchi) vya kuni za nyumbani ni kama gramu 4.7 kwa kilo ya kuni. Kilo 54 zinatoa gramu 250 na kidogo, na methani kwa miaka 100 inahesabiwa mara 28 ya hewa ukaa, hivyo kilo saba. Hizo hazisamehewi. Yaani hata kwa hesabu ya huruma kabisa, moshi wenu una uzito mara mbili au tatu ya kostiki uliyokuwa unaiogopa.

(Nimezichukulia kuni zako kama kavu. Zilikuwa mbichi, kwa hiyo sehemu ya zile kilo 54 ni maji, na namba halisi itashuka. Haitashuka kiasi cha kubadilisha hadithi.)

Mise mgawanye. Kiwango kinasema kwanza jaribu kukwepa kugawanya, ikishindikana gawa kwa uzito au sifa nyingine ya kimaumbile, ikishindikana tena gawa kwa thamani ya fedha. Nyinyi gaweni kwa fedha, andikeni wazi kwamba mmefanya hivyo na kwa bei za mwezi gani.

Sasa kuhusu "bora kuliko ya kiwandani". Usiandike. ISO 14044 inataka madai ya kulinganisha yanayotangazwa hadharani yapitiwe kwanza na jopo la watu wa nje. Hamna jopo, na shati kwa shati hata hamjui kama ni kweli. Andikeni mlichopima.

Shangazi wa Urambo

Naingilia, mimi si wa sabuni. Nimekaushia tumbaku miaka 14 hapa Urambo, na kama kuna kitu bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, linakufundisha ni kuni.

Mdogo wangu katibu, hizo zinazotoka povu ziache. Kuni mbichi unachemsha kwanza maji ya mti, ndipo moto ukumbuke kuchemsha maji ya pipa lako. Nusu ya uzito wa mti uliokatwa jana ni maji. Sisi tulikuwa tunakata mtundu na muba, tunachoma vivyo hivyo kwa haraka ya msimu, na bani halifiki joto mpaka usiku wa manane. Mume wangu alipoanza kukata Aprili na kupasua na kupanga chini ya bati mpaka msimu, tulipunguza bila kununua kitu chochote. Pasua nyembamba. Gogo nene halikauki katikati hata likae mwaka.

La pili, pipa lina mfuniko? Maana sijakusikia ukiutaja. Na yale makapi mliyokamua mnayatupa? Yana mafuta ndani, yakianikwa yanawaka kama mafuta ya taa. Waliokuwa wakipita huku kutoka kwenu walikuwa wanatuambia.

Mengine hayo ya ISO nawaachia wenyewe. Mimi nasema ukitaka kujua "huko juu" ni wapi, panda na muuza kuni siku moja. Mimi nilipanda. Nilikoambiwa ni msitu niliona visiki na mihogo. Mwaka uliofuata tukapanda miti yetu nyuma ya nyumba, na mpaka leo sijutii ile siku ya kutembea, ingawa miguu ilivimba.

Katibu wa Mwandiga

Shangazi, asante. Mfuniko haukuwepo. Nimeona aibu ya pili.

Nimepanda huko juu na kijana wa kuni, juzi Jumanne. Ni mchanganyiko. Nusu anakata kwenye vichaka ambavyo visiki vyake vimechipua, machipukizi mengine yamenifika kifuani, anarudia baada ya miaka. Nusu nyingine ni pale mtu anapofungua shamba la mihogo, yeye anabeba miti iliyoangushwa. Nimepiga picha zote mbili. Mizani, nimeamua nusu ya zile 94 tunazibeba. Kama nimekosea nirekebishe, lakini sitaandika sifuri wakati nimeona kwa macho yangu.

Tumechemsha mapipa mawili kwa kuni zilizokaa kavu chini ya bati, zimepasuliwa, pipa lina mfuniko wa bati na jiwe juu, mafiga tumeyazungushia udongo ukuta wa kufika goti, na makapi makavu ndiyo ya kuwashia na kuongezea. Pipa la kwanza kuni kilo 33, la pili 30. Bi Zainabu kauliza kwa nini hatukufanya hivi tangu mwanzo, nikamwambia kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyekuwa na mizani.

Maji meusi tumechimba shimo mbali na kijito, tunatia majivu na majani ya migomba, tutaona. Harufu ipo, sitadanganya.

Jambo ambalo sikulitarajia ni lile la mashati. Kuna miche tuliisahau kivulini stoo, imekaa wiki tano badala ya wiki moja tunayoizoea. Mche umekauka mpaka gramu 860, mgumu, ukiugonga unalia. Tumeufulia: mashati 79! Sabuni ileile, kostiki ileile, kuni zilezile. Tulikuwa tunauza maji kwa bei ya sabuni, na mteja anayamaliza kwenye beseni. Sasa shida ni rafu, maana kuiweka miche 400 wiki tano kunahitaji chumba ambacho hatuna, na fedha inalala humo ndani.

Mteja nimemwandikia ukurasa mmoja na nusu: tulichopima, tulikopima, kipimo cha kazi, namba za kabla na za baada, na kwamba neno "kuliko" hatutaliweka. Nimeambatisha picha za daftari, hata ukurasa wa tatu uliodondokewa na mawese. Sabuni yake ni ya kufulia mashuka, amesema, na mashuka ya hoteli yanafuliwa kwa maji ya moto, kwa hiyo nimeandika pia kwamba sehemu hiyo iko mikononi mwao, wakipunguza joto la maji watapunguza kuliko sisi tunavyoweza huku.

Amejibu leo asubuhi. Kasema hajawahi kuletewa kitu cha namna hiyo na msambazaji wake yeyote. Halafu kaomba tupunguze bei.

Nimemjibu kwamba bei inakaa hapohapo, na ya wiki tano itakuwa juu kidogo. Nasubiri. Mwanangu wa Kibirizi, Jumamosi tuna mapipa mengine mawili, mizani ya mama yako nitairudisha Jumapili baada ya kanisa. Mwambie ndoano imepinda kidogo, tumeinyoosha kwa nyundo na tukaipima na mfuko wa sukari wa kilo 25, bado inasema kweli.